Kutoka "tunasukuma siku" hadi namba: kupima majibu ya dodoso la wafanyabiashara

Muulize mwenye duka Kariakoo biashara inaendaje, atakwambia "tunasukuma siku" au "tunamshukuru Mungu". Hayo hayahesabiki. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye swali.

Hatua ya 1: swali. "Ukilinganisha na mwezi uliopita, mauzo yako yamepanda, yako palepale au yameshuka?" Akijibu "kawaida tu", usikimbilie kuandika "palepale". Mrudie: kawaida kama mwezi uliopita, au kawaida ya msimu huu? Anayeuza nguo baada ya Idi huona kushuka ni kawaida. Hapa ndipo data nyingi huharibika, na hakuna fomula ya kuziokoa baadaye.

Hatua ya 2: asilimia. Tuseme umehoji maduka 40: 18 yamepanda, 16 palepale, 6 yameshuka. Hiyo ni 45, 40 na 15. Kama kuna kiwanda na kibanda katika kapu moja, vipe uzito kwa idadi ya wafanyakazi kwanza.

Hatua ya 3: fahirisi. Toa walioshuka kwa waliopanda: 45 − 15 = +30. Ndilo salio wanalotumia Ifo, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Munich, Ujerumani. Fahirisi za PMI (za mameneja wa ununuzi), kama ile ya benki ya Stanbic nchini Kenya, huchukua waliopanda na nusu ya waliobaki palepale: 45 + 20 = 65, na 50 ndiyo mstari wa katikati. Taarifa ni ileile: gawa salio kwa 2, ongeza 50.

Tafadhali usiandike kwamba mauzo yamekua kwa asilimia 65! Namba hii inaonyesha kupanda kumeenea kiasi gani, si kwa ukubwa gani.

Hatua ya 4: ukubwa. Wachumi Carlson na Parkin walitoa njia mwaka 1975, kwa matarajio ya bei. Chukua mgawanyo uleule, swali liwe bei zijazo. Kila mtu ana makadirio kichwani, yametawanyika kwa umbo la kengele, na husema "zitapanda" pale tu yanapovuka kizingiti c, na "zitashuka" yanapokuwa chini ya −c. Kwenye Excel, NORM.S.INV hugeuza sehemu ya watu kuwa nafasi kwenye kengele; 0.55 ni wote wasiosema "zitapanda" (1 − 0.45), na 0.15 ni wanaosema "zitashuka":

a = NORM.S.INV(0.55) = 0.126
b = NORM.S.INV(0.15) = −1.036
Matarajio = −c × (a + b) ÷ (a − b) = 0.78c

Wao walichagua c ili wastani wa matarajio ya kipindi chote ulingane na wastani wa mfumuko halisi wa bei. c ikitoka 2, matarajio ni takriban asilimia 1.6.

Mwezi ambao hakuna hata mmoja anayetarajia bei kushuka, b haipatikani. Mimi siingizi namba ya kubuni. Natoa salio peke yake na kueleza sababu chini ya jedwali.