Kupiga picha za wadudu kwa karibu, kamera ikiwa mkononi

Toka alfajiri, kabla jua halijakolea. Mwili wa mdudu hautengenezi joto la kutosha wenyewe, kwa hiyo panzi ambaye saa 5 ataruka ukiwa bado mbali, saa 12 na nusu bado kazubaa. Pekua vijiti vikavu pembeni mwa shamba: nyuki dume wa jamii zisizo na mzinga hulala wameuma kijiti kwa taya, miguu imekunjwa hewani. Kwa kujifunzia, huyo hana mpinzani.

Hatua ya 1: Lenzi. Chukua lenzi ya makro ya mm 90 hadi 105 inayofika 1:1, yaani mdudu wa mm 10 anachukua mm 10 kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachonasa picha. Kama huna, lenzi ya mm 50 na pete za kurefusha (huwekwa kati ya lenzi na kamera) zenye jumla ya mm 50 hivi zitakufikisha hapo, ila utalazimika kumkaribia zaidi.

Hatua ya 2: Mipangilio. Modi ya M (unapanga mwenyewe), kasi ya sekunde 1/200, tundu la lenzi f/11, ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) 200, fleshi kwenye 1/16 ya nguvu yake. Kwa nguvu hiyo ndogo fleshi huwaka na kuzima upesi mno, na hilo ndilo linalozuia mtikisiko wa mkono usionekane. Usikimbilie f/22. Kwa 1:1, f/11 tayari inafanya kazi kama f/22; ukizidi kubana tundu, mwanga hutawanyika na picha nzima hulegea.

Hatua ya 3: Lainisha mwanga. Kata ubavu wa dumu jeupe la maziwa, upana wa sentimita 20 hivi, uuinamishe juu ya mdomo wa lenzi ili fleshi ipitie humo. Fleshi tupu huacha doa jeupe kwenye gamba la mbawakawa, na doa hilo hakuna programu italirudisha rangi.

Hatua ya 4: Hapa ndipo wengi hukwama. Zima fokasi ya otomatiki, zungusha pete ya fokasi kwenye lenzi hadi 1:1, kisha usiiguse tena. Shika shina alilokaa mdudu kwa vidole vya mkono wa kushoto, uegemeze lenzi juu ya mkono huohuo; mdudu na kamera vitayumba pamoja. Viwiko mbavuni. Sogea mbele kidogo kidogo, ubonyeze kitufe cha kupigia pale jicho la mdudu linapoonekana kali. Eneo kali ni kama mm 1 tu, kwa hiyo kagua kila picha ukiwa umeikuza. Mdudu akikutazama, vipapasio vikiwa vikali na jicho limefifia, uliwahi. Mgongo ukiwa mkali, ulichelewa. Ukitaka mwili wote, mpige kwa ubavu, sensa ikiwa sambamba naye.

Hatua ya 5, si lazima: piga picha 5 hadi 8 ukisogea kutoka vipapasio hadi mgongoni, uziunganishe ziwe picha moja kali kwa programu ya kompyuta kama Photoshop au Helicon Focus. Subiri fleshi ichaji kila mara, la sivyo katikati ya mfululizo utakuta picha nyeusi. Ukimaliza, liachie shina polepole. Likichomoka kwa ghafla, nyuki anaanguka.