Kabla hujazamia kwenye vizimba: ziwa letu na mwili wako

Vijana wanaokuja kwangu Igombe, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kutaka kazi ya kuziba nyavu za vizimba vya kufugia samaki huniuliza kwanza kama nina mtungi wa hewa. Mimi naangalia pua zao. Mwenye mafua hashuki, hata kama mwenye sato zake amesimama juu anafoka.

Shida ni masikio: pua ikiziba, nayo hayazibuki. Hujafika hata mita 2, maji yameshaanza kusukuma ngoma ya sikio. Bana pua, funga mdomo, puliza taratibu mpaka masikio yazibuke. Anza mapema, kabla hayajauma, na urudie kila ukishuka kidogo. Yakigoma, panda kama mita moja ujaribu tena. Usipulize kwa hasira, utajiumiza. Na ile miwani ya kuogelea iache nyumbani: haifuniki pua, kwa hiyo huwezi kuipulizia hewa, na ukishuka inayanyonya macho hadi yavilie damu. Tafuta maski inayofunika macho na pua pamoja.

Sasa mapafu, na hapa nisikilize vizuri. Hewa ya mtungi au ya mpira wa kompresa inakufikia ikiwa na mgandamizo wa kina ulichopo. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina kama asilimia 88 tu ya mgandamizo wa pwani. Mzamiaji wa Tanga hushuka mita 10 ndipo mgandamizo uwe maradufu. Sisi mita 9 zinatosha. Ukijaza kifua kwenye mita 20 kisha ukapanda umebana pumzi, hewa hiyo inataka kutanuka zaidi ya mara 3. Pafu linachanika, mapovu yanaingia kwenye damu na yanaweza kufika kwenye ubongo. Mita 2 za mwisho zinatosha kukuumiza hivyo, pale pale ambapo kijana ameona mwanga na kudhani kazi imekwisha. Kwa hiyo pumua muda wote. Hewa ikikatika, panda huku ukisema “aaaa” ili kifua kitoe hewa chenyewe.

Kompresa nayo, maana wengi mnatumia ile ya kujazia matairi: bomba lake la moshi likae upande upepo unakokwenda, mdomo wa kuvuta hewa upande upepo unakotoka. Moshi kidogo usioudhuru mwili juu unakuwa sumu kali chini.

Halafu kuna naitrojeni, ambayo ni karibu asilimia 78 ya hewa. Ukikaa chini inayeyuka mwilini. Ukipanda mbio inageuka mapovu. Panda si zaidi ya mita 9 kwa dakika, kisha simama dakika 3 kwenye mita 5. Maji yetu ni ya kijani, huwezi kukisia kina, ndiyo maana kamba yangu ya nanga ina utepe mwekundu uliofungwa kwenye mita 5 kamili. Naushika na mkono, sitegemei macho. Majedwali ya uzamiaji, yale yanayoonyesha dakika za kukaa kwenye kila kina, yametengenezwa kwa bahari: mita 20 za hapa zisome kama 23, halafu tumia mstari wa kina kinachofuata. Ulevi wa kina, yaani naitrojeni kulewesha akili, unaoanza kwenye kama mita 30, kazi ya vizimba haikufikishi huko.

Ukitoka majini, usipande ndege wala mlima kabla ya saa 24. Gari linalokatiza Serengeti kwenda Arusha linapita ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, na huko mapovu yanapata nafasi ya kukua.

Mwenzako akilalamika bega au goti saa chache baadaye, au miguu ikafa ganzi, usimkande, usimpe pombe, na usimrudishe majini eti “akazimue”. Mlaze chali, anywe maji kama ana fahamu, mkimbize hospitali apewe oksijeni safi, na daktari aulizie mapema chemba ya mgandamizo, chumba ambamo mgonjwa hurudishiwa mgandamizo ili mapovu yasinyae. Mpe daktari karatasi yenye kina alichofika, dakika alizokaa chini na saa aliyotoka. Ukifika bila karatasi hiyo, atatibiwa uchovu. Na kwa kuwa mko hospitali tayari, pimeni na kichocho.