Figo imepatikana, lakini marehemu alikuwa na uvimbe wa ubongo: uliza haya kabla ya kujibu

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu hapa Dodoma. Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ianze kupandikiza figo mwaka 2018, wagonjwa wetu hupewa figo na ndugu aliye hai, kwa hiyo swali hili sikulipata wodini. Aliniuliza mdogo wangu aliye Leicester, Uingereza, kwenye foleni ya figo za marehemu: "Dada, wakiniambia aliyefariki alikuwa na uvimbe kichwani, nikubali?"

Usikatae kwa woga. Saratani iliyoanzia ndani ya ubongo ni nadra sana kutoka nje ya kichwa. Uingereza walifuatilia viungo 778 vilivyopandikizwa kati ya mwaka 2000 na 2016 kutoka kwa marehemu wa namna hiyo, wasikute hata mgonjwa mmoja aliyehamishiwa saratani ile. Kwingineko imewahi kutokea, ndiyo maana inabidi uulize.

Swali la kwanza, ambalo kwangu linazidi yote: uvimbe ulianzia kwenye ubongo, au ulitoka kwingine? Saratani ya mapafu, ya figo au melanoma ya ngozi ikishafika kichwani, maana yake imeshasambaa kwa njia ya damu, na kiungo cha mtu huyo hakifai. Kosa baya hutokea pale inapodhaniwa marehemu alivuja damu kichwani tu, kumbe iliyovuja ni melanoma. Kwa hiyo uliza pia wamejuaje: kinyama kilipimwa maabara, au wametegemea picha peke yake?

Kisha uliza aina na daraja. Glioblastoma, saratani kali ya ubongo, ni daraja la 4, la juu kabisa, inahitaji mazungumzo marefu zaidi kuliko uvimbe wa daraja la 1. Uliza kama kichwa kilifunguliwa, kama alipigwa mionzi, na kama alikuwa na mpira wa kutoa maji kichwani. Mama aliyelea mtoto mwenye kichwa kikubwa anaujua mpira huo: unashusha maji ya ubongo hadi tumboni, na seli za saratani zinaweza kupita humo humo.

Halafu pima hali yako. Mwenye mshipa wa kusafishia damu unaoziba kila mara hana muda wa kusubiri sawa na kijana ambaye kaka yake yuko tayari kumchangia. Kumbuka pia kwamba figo ikileta balaa inaweza kutolewa, dawa za kushusha kinga zikasimamishwa na daktari, ukarudi kwenye mashine. Moyo au ini huwezi kutolewa ukabaki hivi hivi.

Ukikubali, omba barua inayotaja aina ya uvimbe wa marehemu na ratiba ya vipimo vyako. Ukija likizo nyumbani, njoo nayo kliniki, maana daktari wa hapa akikuta uvimbe kwenye figo hiyo bila kujua historia yake, ataanza kutafuta upya kabisa.