Somo: Kulitayarisha gari la kwenda kazini kwa siku yako ya kwanza kwenye uwanja wa mbio za magari wa Brands Hatch

Habari zenu, wandugu.

Haipiti wiki mbili bila mtu kuniandikia: "Nimeshalipia Brands Hatch, nifunge nini?" Nikimuuliza ameshafunga nini, nasikia ekzosi mpya, filta ya hewa, na mmoja tayari alikuwa ameichezea kompyuta ya injini. Nikiuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, kimya. Basi leo naandika mara moja, ili siku nyingine nimtumie mtu somo hili nikalale.

Kwanza tuelewane. Siku ya traki, yaani siku ya kuendesha gari lako kwenye uwanja wa mbio, si mashindano. Unalipa, unaingia na gari lako hilohilo la kupelekea watoto shule, unakwenda kwa mwendo unaouweza bila lori mbele wala kamera ya polisi. Hakuna mshindi, na kupima muda hairuhusiwi; ukionekana na saa umeibandika kwenye dashibodi unaweza kurudishwa nyumbani mchana mchana. Brands Hatch iko Kent, Uingereza, karibu na M25, barabara kuu inayoizunguka London. Njia fupi wanayotupa mara nyingi inaitwa Indy, kama kilomita 1.9 tu, lakini usiidharau: hapahapa Formula 1 ilikimbia British Grand Prix kwa zamu kuanzia 1964 hadi 1986, ingawa wao walitumia njia ndefu inayoingia msituni.

HATUA YA 1: Soma fomu kabla ya kulipa

Wanaoanza watafute siku yenye makundi, yaani wapya wanaingia na wapya wenzao kwa dakika 15 au 20, kisha wanatoka. Siku ya "wazi", ambapo kila mtu anaingia na kutoka anavyotaka, iache mpaka uzoee. Angalia pia kiwango cha kelele cha siku hiyo, maana kinabadilika. Wanalipima gari limesimama, kipimo kikiwa nusu mita kutoka kwenye bomba, injini ikiwa kwenye robo tatu ya mizunguko yake ya juu. Ile ekzosi uliyoisifu kwenye grupu ndiyo itakayokurudisha getini.

HATUA YA 2: Breki, breki, halafu breki

Hapa nitakaa sana, mnisamehe.

Gari likienda mwendo maradufu, nguvu linayoibeba haiwi maradufu, inakuwa mara nne. Ukikanyaga breki, karibu nguvu yote hiyo inageuka joto kwenye diski na padi. Barabarani unafanya hivyo mara moja moja. Traki unafanya kila baada ya sekunde chache, raundi baada ya raundi. Aliyewahi kushuka Mai Mahiu au Kitonga nyuma ya lori lililojaa anaijua ile harufu. Sasa harufu hiyo itatoka kwako.

Mafuta ya breki yana tabia moja mbaya: yananyonya unyevu. DOT 4 (aina ya mafuta ya breki, jina liko kwenye chupa) ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Yakichemka ndani ya kalipa, ile inayobana padi kwenye diski, yanatoa mvuke, na mvuke unabanika wakati mafuta hayabaniki. Ndiyo maana pedali inazama kama umekanyaga mto wa sufi.

Hili nimelilipia. Mara yangu ya kwanza nilikwenda na Suzuki Swift Sport. Gereji moja ilikuwa imeniandikia kwenye risiti kwamba mafuta ya breki yamebadilishwa, nami nikaamini karatasi. Raundi ya sita nimetoka kona ya Paddock Hill, napanda kwenda kona ya Druids, nakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka kwenye zulia. Nikapampu mara mbili, tatu, ikashika kidogo. Kilima ndicho kilichoniokoa, kwa sababu Druids unaifikia unapanda. Nikarudi pole pole, nikafungua kifuniko cha chupa ya mafuta: rangi ya chai ya mkandaa. Mafuta mapya yanataka kufanana na mafuta ya alizeti.

Kwa hiyo badilisha mwenyewe, au simama pembeni ya fundi uone kwa macho yako. DOT 4 nzuri inatosha, 5.1 ni sawa pia (mpya 260, ikilowa 180). DOT 5 bila nukta moja ni silikoni, usiitie. Unahitaji mtu wa kukaa ndani na kukanyaga, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chupa yenye mafuta kidogo chini ili mpira usivute hewa. Magari mengi unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki), lakini kitabu cha gari lako ndicho kinachosema. Maneno ni matatu: "kanyaga", "shikilia", hapo unafungua "nipo" (kiskrubu cha kutolea mafuta kwenye kalipa), mafuta yanatoka, unafunga, ndipo "achia". Akiachia kabla hujafunga, hewa imerudi na mnaanza upya. Mimi na shemeji yangu tulinuniana jioni nzima kwa neno "achia". Chupa ya juu usiiache ikauke, na mafuta yakidondokea rangi ya gari mwagia maji haraka, yanakula rangi.

Padi: zikiwa chini ya nusu, badilisha. Padi nyembamba hupitisha joto upesi hadi kwenye mafuta, na tumeshaona mwisho wake. Padi za kawaida zitavumilia raundi chache kisha zitachoka. Za kiwango cha juu kidogo, ambazo bado zinafaa barabarani, ndizo ningenunua kabla ya kitu kingine chochote. Zizoeshe kabla ya siku: breki za wastani nane au kumi kwenye barabara tupu, bila kulisimamisha gari kabisa, kisha endesha bila kugusa breki mpaka zipoe.

HATUA YA 3: Matairi na nati

Matairi mapya kabisa si lazima. Meno marefu yanayumba na kuchanika yakipata moto. Yawe halali, yasiwe na nyufa wala uvimbe. Upepo hupanda tairi likipata moto, kwa hiyo usipime asubuhi ukasahau. Mimi huanza na 30 psi, nikitoka nakuta 36, napunguza hadi 33 au 34 tairi likiwa bado moto. Gari lako litakuwa na namba zake. Jioni uyarudishe kabla ya kuingia barabara kuu, maana yakipoa yatakuwa chini mno.

Indy ina kona nyingi za kulia kuliko za kushoto, kwa hiyo tairi la mbele kushoto ndilo linalopigwa. Kila ukitoka, pitisha kiganja kwenye bega lake la nje.

Nati za magurudumu zikaze kwa toki renchi, ile spana inayolia "tak" zikifika kipimo, na uzirudie baada ya kipindi cha kwanza.

HATUA YA 4: Chini ya boneti na chini ya gari

Oili ya injini ijae mpaka alama ya juu ya kijiti, isizidi. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, na ikiwa pungufu pampu inavuta hewa. Maji ya rejeta yakague injini ikiwa baridi. Inua gari kwa jeki, liweke kwenye stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise: likicheza, ni beringi au boljointi, na safari imeahirishwa. Betri ifungwe isitembee.

HATUA YA 5: Toa takataka

Spea, jeki, kiti cha mtoto, mazulia, chupa ya maji iliyo chini ya kiti. Hiyo chupa hasa, maana ikivingirika chini ya pedali ya breki hutapata nafasi ya kuinama. Lakini ndoano ya kuvutia gari ifunge, au ijue ilipo.

HATUA YA 6: Siku yenyewe

Fika na leseni, helmeti (nyingi za kukodi zipo), mikono mirefu na suruali ndefu, na tangi limejaa. Mkutano wa asubuhi ni lazima. Ndipo mnaambiwa bendera na upande wa kupitana. Anayepitwa ndiye anayekubali, kwa hiyo usilazimishe. Nyekundu maana yake punguza, usipite mtu, rudi pit (pale pembeni ya traki magari yanaposimama). Si kukanyaga breki ukasimama papo hapo. Ukioneshwa nyeusi, wewe ndiye unayetakiwa kuingia.

Raundi za kwanza mnafuata gari la kiongozi. Tumia hizo kuangalia Paddock Hill, kwa sababu barabara inakatika mbele yako kama ukingo wa paa, na kona inaanguka chini kabla hujaiona yote. Kila mgeni huigeukia mapema mno.

Baada ya raundi sita au saba, fanya moja ya kupoza bila kugusa breki kwa nguvu. Ukipaki usivute hendibreki. Tia gia na weka kigingi nyuma ya tairi.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mji wake)

Leicester: Kaka, gari langu ni otomatiki. Nitachekwa?

Hakuna atakayekucheka, wako bize na magari yao. Weka gia za mkono kama lina nafasi hiyo, lisipandishe na kushusha gia katikati ya kona. Angalizo ni joto la giaboksi, zaidi kama ni CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu. Fanya raundi chache, toka, acha lipoe. Taa ikiwaka, umemaliza.

Croydon: Nizime ABS (ya kuzuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki) na ule mtambo wa kuzuia kuteleza?

Usizime chochote. Ukiona taa ya mtambo inawaka kila kona, gari linakwambia unakanyaga mafuta mapema. Huyo ni mwalimu wa bure. Wa kulipia naye mchukue, nusu saa yake inazidi tairi jipya.

Reading: Bima yangu ni ya kila kitu. Si inatosha?

Soma maandishi madogo. Bima nyingi za barabarani zinaitenga siku ya traki waziwazi. Zipo za kununua kwa siku moja. Na uliza kabla kuhusu ukuta wa chuma: pengine ukiugonga unalipia gari na ukuta pia. Kanuni yangu ni kwamba gari ambalo siwezi kuliacha huko nikarudi nyumbani kwa basi, silipeleki.

Milton Keynes: Ikinyesha nisiende?

Nenda! Mvua inakufundisha mikono na miguu kwa mwendo mdogo, na tairi halikwishi. Kaa mbali na mistari ya rangi na kingo zilizopakwa, zinateleza kama sabuni.

Nairobi: Mkubwa, sisi huku tuna autocross ya vumbi. Somo hili lanihusu na Impreza yangu?

Breki na nati zinakuhusu vilevile. Kwenye murram joto la breki ni dogo, lakini mawe na mashimo ni mengi, kwa hiyo pesa ya padi ihamishie kwenye bamba la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini), shokabzoba na bushi. Filta ya hewa isafishe baada ya kila siku, na mpira wowote wa breki uliokwaruzwa na jiwe ubadilishe hata kama hauvuji. Wewe una kazi nyingi zaidi ya chini ya gari kuliko mimi.

Croydon tena: Mke wangu anataka kupanda. Naweza?

Siku nyingi abiria anaruhusiwa kwa malipo kidogo na helmeti, naye ahudhurie mkutano. Ila si kipindi cha kwanza. Wewe mwenyewe hujui utafanya nini Paddock Hill, halafu una mtu pembeni anakuita jina lako lote.

Gravesend: Nilikwenda Jumamosi. Sasa nikishika breki kwenye M25 usukani unatetemeka. Diski zimepinda?

Pengine hazijapinda. Ulisimama pit mguu ukiwa umebana breki za moto, na padi ikaacha alama yake kwenye diski. Rudia kuzizoesha kama nilivyoeleza, mara nyingi inaisha. Kwanza lakini chungulia ndani ya rimu uondoe vipande vya mpira vilivyoganda, hivyo pia vinatetemesha. Ikikataa, nitumie picha ya diski, upande wa ndani. Wa nje umeshanitumia mara tatu na unang'aa vizuri.