SOMO: Keki ya treni ya besdei kwa jiko la mkaa, bila oveni wala mashine

Mbukwenyi wapendwa. Wale mlionisumbua tangu wiki iliyopita mnataka somo la ile keki ya treni haya leo nimekaa, mtoto kalala, naandika yote mpaka mwisho, atakayeuliza "umeoka kwenye nini" baada ya hapa nitajua hakusoma.

Kwanza ilivyoanza. Mwanangu wa pili alikuwa anatimiza miaka 4 na tangu treni ya umeme ianze kufika hapa Dodoma 2024 huyu mtoto hana habari nyingine, kila boksi ndani ya nyumba ni behewa, viti vya sebuleni ni stesheni. Mwaka wa nyuma yake niliagiza keki kwa mtu, nikalipa nusu, siku ya siku simu haipokelewi, ikaletwa saa moja usiku watoto wa wenzangu washaondoka. Nikasema hapana, safari hii napika mwenyewe na jiko langu hili hili la kupikia ugali.

MAHITAJI. Mimi napima kwa robo kwasababu hata mangi wa dukani anakuelewa: unga wa ngano robo kilo, majarini kopo la robo, sukari robo (punguza vijiko viwili kama wageni wako ni watoto watupu), mayai 5 ya kienyeji au 4 makubwa ya kisasa, maziwa vijiko vitatu vinne, vanila kijiko cha chai. Beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, usizidishe! Huku tuko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwahiyo keki inavimba haraka kuliko ya mtu wa Dar, ukijaza beking pauda inapanda kwa mbwembwe afu inadondoka katikati kama shimo la choo.

Kuchanganya. Majarini na sukari unapiga kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na laini, ukiisugua vidoleni chembe za sukari ziwe zimepungua sana. Kwa mkono ni robo saa nzima, badilishaneni na dada. Yai unaweka moja moja unapiga, ukiona imekatika kama maziwa yaliyoharibika usipaniki, tupia kijiko kimoja cha unga inarudi. Mwishoni unga uliochekechwa pamoja na beking pauda, hapo sasa usipige tena, unakunja taratibu kutoka chini kwenda juu na maziwa yako, ukiona unga mkavu umepotea acha. Wengi keki zao zinakuwa ngumu hapa, mtu anapiga utadhani anasonga.

MOTO. Sasa hapa ndipo penyewe, mengine yote ni mbwembwe. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili, bandika jikoni ufunike upate moto dakika kumi. Keki iko kwenye sufuria ndogo ya sentimita 24, umeipaka majarini na kuinyunyizia unga, chini umetandika karatasi. Iingize juu ya mchanga, funika lile kubwa kwa mfuniko bapa, kisha hamisha makaa: chini yabaki machache, yale yaliyoshika vizuri yaende juu ya mfuniko. Kama chini una makaa matano juu weka kumi. Keki inataka joto la juu, chini mchanga unatosha.

Na upepo wetu wa Dodoma mnaujua. Unapuliza upande mmoja wa jiko keki inapanda mshazari. Kinga jiko kwa bati au tofali, na kila baada ya dakika kumi zungusha sufuria robo mzunguko BILA KUFUNGUA. Dakika 40 za kwanza hakuna kuchungulia, hata harufu ikikuita. Baada ya hapo funua mfuniko taratibu majivu yasidondokee ndani, choma kwa kijiti cha mshikaki, kikitoka kikavu ipua, kikitoka na uji rudisha dakika kumi. Yangu ilichukua kama dakika 55. Haya yote fanyia nje au barazani, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua, sio utani.

Kukata treni. Acha keki ipoe kabisa, mimi naioka jioni naifunga na kitambaa safi napamba asubuhi. Mana hewa yetu kavu ukiiacha wazi inakuwa kama mkate wa juzi. Ile duara ya sentimita 24 ukikata pembeni unapata mraba wa kama sentimita 17. Mraba kata mistari mitatu sawa, kila mstari kata katikati, tayari una vipande sita. Kimoja kichwa, vitano mabehewa. Kichwa kikate mbele kishuke mteremko kama pua. Yale mabaki manne ya pembeni usiwape watoto kwanza, yaponde na krimu kidogo ufinyange mawe, unayapanga nyuma ya treni yanakuwa kama ule mlima wa mawe wa Simba hapa Dodoma, yani watu walisifia mawe kuliko treni yenyewe.

Krimu. Majarini robo, aisingi shuga nusu kilo iliyochekechwa, maziwa kijiko kimoja au viwili. Kama aisingi imekushinda bei saga sukari nyeupe kwenye blenda ikauke kama poda, kila kikombe weka kijiko kikubwa cha konflawa. Sasa somo nililolipia: mtoto alitaka bluu. Majarini ni ya njano, ukitia bluu juu ya njano unapata nini? Nilipata kijani ya mlenda. Kopo zima. Nililia jamani. Kwahiyo piga majarini peke yake dakika kumi na zaidi mpaka ipauke kabisa, au nusu iwe majarini nusu mafuta mgando meupe ya kupikia yasiyo na harufu, afu tia rangi ya chakula ya zambarau kiasi cha ncha ya kijiti tu, inaiua ile njano. Ndio uweke bluu. Pinki haina shida, chemsha choya kavu kwenye maji kidogo mpaka ibaki nzito, ipoe, vijiko viwili vinatosha na inaleta uchachu mzuri.

Pakaza krimu nyembamba kwanza ya kushika makombo, iache ikauke kidogo, ndio ya pili. Kwa kuchorea madirisha kunja karatasi ya kuokea iwe koni ukate ncha. Magurudumu ni biskuti za duara. Nikamchomekea na bomba la moshi, mtoto akalitoa. "Mama, treni ya umeme haina moshi." Basi nikala bomba.

Mzigo wa mabehewa tulipanga zabibu. Kwa watoto chini ya miaka mitano zabibu kata kwa urefu vipande vinne, nzima inaziba koo kabisa, karanga nzima na bisi pia wasipewe wadogo.

Kazi ya kuwashikisha watoto wenyewe: treni ya maboksi ya maziwa na dawa ya meno. Gundi pika uji, unga wa ngano vijiko vitatu kwenye kikombe cha maji, koroga ikiwa baridi ndio uweke motoni mpaka iwe nzito. Magurudumu kata kwenye boksi, usitumie visoda, vina makali na vinamezeka. Bendera za ukutani ni mabaki ya vitenge kwa fundi, ananipa bure. Wachafue, utafagia kesho.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nkuhungu: Dada, yangu ilikuwa nzuri juu ila chini imeungua nyeusi, nikatupa.
Jibu: Pole mwaya. Makaa ya chini yalikuwa mengi au mchanga kidogo. Na usitupe tena, kwangua lile jeusi kwa grateri au kisu cha msumeno, krimu inafunika dhambi zote.

Mdau wa Kondoa: Ninaye mtoto yai linamletea vipele na kuvimba mdomo. Anakula hii?
Jibu: Hii hapana mama, hata kipande asionje. Mpikie ya mtindi: unga vikombe moja na nusu, sukari robo tatu kikombe, mtindi kikombe kimoja, mafuta ya alizeti nusu kikombe, beking pauda kijiko kimoja na robo cha chai, beking soda nusu kijiko cha chai. Mtindi na soda changanya kwanza, subiri povu, ndio ufuate vingine. Moto ni ule ule. Ila vyombo osha upya, na kwa mtoto wa kuvimba mdomo ongea na daktari.

Mdau wa Chang'ombe: Besdei yetu ni Novemba saa tisa mchana, krimu si itakuwa supu?
Jibu: Itakuwa. Mwezi huo joto halina adabu. Pamba asubuhi mapema, tumia nusu mafuta mgando, ongeza aisingi kidogo, na sinia likae ndani juu ya beseni la maji baridi mpaka dakika ya kuimba. Uwanjani itoke ikatwe hapo hapo.

Mdau wa Area C: Natumia jiko la gesi, makaa ya juu natoa wapi?
Jibu: Gesi weka moto wa chini kabisa na mchanga ule ule, funika kwa kitambaa chini ya mfuniko kinyonye mvuke, pembe zake zikunje juu zisishike moto. Itaiva ila juu itabaki nyeupe, haina neno, inapakwa krimu.

Mdau wa Kisasa: Unauza bei gani?
Jibu: Siuzi shoga, nina mtoto mmoja wa treni ananitosha.

Mdau mwingine: Nataka kuipeleka Mpwapwa kwa bibi yake, itafika?
Jibu: Usiipange ukiwa nyumbani. Kila behewa kwenye kikontena chake, krimu ya akiba kwenye kopo, biskuti kwenye pakiti yake, ukifika unapanga juu ya sinia la bibi. Boksi pakata mwenyewe, usimpe konda aweke kwenye buti. Na mishumaa weka kwenye pochi yako, mimi nilisahau mwaka ule tukamwashia mtoto njiti za kiberiti.