Somo: Kumtafuta babu wa Keya kupitia shajara ya batalioni yake

Koo nyingi zina mzee aliyekwenda vita vya Hitler, na kilichobaki kwake ni maneno matatu: Keya, Bama (Burma, leo Myanmar), Habeshi (Ethiopia). Anayeanza kumtafuta huandika jina lake kwenye intaneti, akakosa, akaachia hapo. Kosa liko mwanzoni. Shajara za vita za King's African Rifles (KAR, ndiyo Keya), yaani madaftari ya matukio ya kila siku, ziliandika habari za batalioni, si za askari mmoja mmoja. Usimtafute babu, itafute batalioni yake. Ukishaijua pamoja na tarehe, utajua alilala wapi na alivuka mto gani, hata kama hakuna karatasi inayomtaja.

Hatua ya kwanza: vya nyumbani

Toa sandukuni cheti cha kuachishwa jeshi, kipande cha zamani, barua, picha na medali. Namba ya jeshi inakiliwe ilivyo, na herufi zake za mbele na mikwaju (/) yake. Namba ina nguvu kuliko jina, maana karani aliandika jina alivyolisikia: L na R zilibadilishana, herufi za mwanzo zilidondoka, na jina la baba likakaa baada ya "bin" au "s/o" (son of, mwana wa). Andaa orodha ya namna zote ambazo jina lingeweza kuandikwa, kisha uipanue zaidi ya unavyodhani inatosha.

Medali za vita vya pili kwa kawaida hazina jina la mtu, lakini nyota zenye ncha sita zimeandikwa uwanja wa vita. Africa Star kwa waliopigana Habeshi inahusu kipindi cha kuanzia Juni 1940 hadi Novemba 1941. Burma Star inajieleza. Madagaska haikupewa nyota yake, kwa hiyo mzee mwenye 1939-1945 Star peke yake huenda ndiko alikokwenda.

Masimulizi nayo ni ushahidi, ila yana mitego miwili. Mzee aliyesema "sisi tulikuwa watu wa kifaru" si lazima awe alipanda kifaru cha chuma: alama ya begani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa kichwa cha kifaru, yule mnyama. Mtego wa pili ni saa. Saa mbili asubuhi ya mzee ni 0800 kwenye shajara, na "usiku wa Jumatano" kwa hesabu ya Waswahili ni usiku ambao Mzungu ameuandika Jumanne. Ukitafuta shambulio la usiku, soma siku mbili, si moja.

Hatua ya pili: namba ya batalioni

Kwa asili, 1 na 2 zilikuwa za Nyasaland (leo Malawi), 3 na 5 za Kenya, 4 ya Uganda na 6 ya Tanganyika. Vita vilipopanua jeshi, batalioni mpya ziliandikwa kwa mkwaju: 2/6, 3/6. Baadaye mkwaju ukaondolewa na jina la nchi likaongezwa, 3/6 ikawa 36 (Tanganyika). Batalioni ileile basi ina majina mawili kwenye katalogi, nawe utafute yote mawili. Kanuni hii haishiki kila mahali: 11 ilikuwa ya Kenya na 71 ya Somaliland.

Kama namba ya batalioni haijulikani, ifikie kupitia safari. Waliokwenda Madagaska mwaka 1942 na Brigedi ya 22 walikuwa 5 (Kenya), 1/1 ya Nyasaland na 1/6 ya Tanganyika. Divisheni ya 11, iliyopita Seloni (leo Sri Lanka) kisha ikaingia Bama mwaka 1944, ilikuwa na brigedi tatu. Ya 21 ilikuwa na 2 (Nyasaland), 4 (Uganda) na kikosi cha Northern Rhodesia Regiment (Zambia ya leo). Ya 25 ilikuwa na 11 (Kenya), 26 (Tanganyika) na 34 (Uganda). Ya 26 ilikuwa na 22 (Nyasaland), 36 (Tanganyika) na 44 (Uganda). Nje ya divisheni hiyo kulikuwa na Brigedi ya 28, yenye 7 (Uganda), 46 (Tanganyika) na 71 (Somaliland). Mtanganyika aliyepigana na Divisheni ya 11 katika Bonde la Kabaw, huko Bama, kwa hiyo, kama alikuwa wa batalioni ya KAR, yaelekea ni wa 26 au 36, na utafutaji wako unaanza na milango miwili. Usichanganye tu namba ya batalioni na ya brigedi: Brigedi ya 26 na batalioni ya 26 ni vitu viwili, na batalioni hiyo haikuwa hata ndani ya brigedi hiyo.

Hatua ya tatu: mafaili yenyewe

Shajara za vita ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Katalogi inasomwa bure kwenye intaneti, na unatafuta kwa Kiingereza ukiweka herufi na namba ya mfululizo wa mafaili; WO ni War Office, wizara ya vita. WO 169 ni Mashariki ya Kati, na ndimo unamoanzia kutafuta Habeshi. WO 174 ni Madagaska. WO 172 ni Bama na Asia ya Kusini-Mashariki. WO 276 ina karatasi za makao makuu ya Afrika Mashariki, na WO 373 mapendekezo ya nishani. Hii ya mwisho usiipuuze, kwani ni mahali pachache ambapo askari wa kawaida hutajwa kwa jina, na kitendo chake kikaelezwa.

Nyingi hazijapigwa picha za kidijitali. Ukifika mwenyewe, kadi ya msomaji ni bure na unapiga picha kwa simu bila malipo. Ukiagiza kwa mbali, utalipia kwanza kazi ya kuhesabu kurasa, ndipo uambiwe bei ya nakala. Agiza mwezi mmoja au miwili, si mwaka mzima.

Hatua ya nne: kuisoma

Ukurasa ni fomu ya C.2118: mahali, tarehe na saa, muhtasari wa matukio, na safu ya viambatisho. Maafisa wametajwa kwa majina. Askari ni hesabu tu: "2 Afr ORs wounded", yaani Waafrika wawili wasio maafisa wamejeruhiwa. "Coy" ni kombania, "Pl" ni platuni, "ptl" ni doria.

Wengi hukwama kwenye kombania. Batalioni ilikuwa na kombania za bunduki nne, A hadi D, na zingeweza kuwa mbali sana moja na nyingine. Makao makuu yakiandika kwamba siku ilikuwa shwari, kombania ya babu huenda ilikuwa ikipigwa mizinga ng'ambo ya pili ya mto. Barua au picha iliyotaja kombania ina thamani kubwa hapa.

Tena, afisa aliyekuwa vitani hakuandika palepale. Siku za mapigano makali mara nyingi zimeandikwa baadaye, zikabanwa mistari miwili, na siku za mvua na gwaride zikajaa ukurasa. Ukiona pengo, fungua shajara ya brigedi ya siku hizohizo. Kisha pekua viambatisho vyote, kwani ripoti za doria na, mara chache, orodha za majina hujificha nyuma.

Hatua ya tano: hakiki kwa makaburi

Hifadhidata ya Commonwealth War Graves Commission, tume ya makaburi ya vita, inachujwa kwa jeshi, nchi na tarehe. Acha sehemu ya jina wazi. Chuja King's African Rifles, Myanmar, Novemba 1944, kisha uangalie waliokufa ni wa batalioni gani na siku zipi. Siku zenye vifo vingi ndizo za kusoma kwanza kwenye shajara.

Hatua ya sita: wilayani

Nyaraka za Taifa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Zomba zina mafaili ya akina Bwana Shauri, maafisa wa wilaya wa kikoloni. Humo tafuta uandikishaji, fedha ambazo askari alitenga zifike nyumbani, na mirathi ya waliokufa. Omba kwa wilaya na mwaka, si kwa jina, na utumie wilaya ya wakati ule: mipaka imehama.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Babu hayumo kabisa kwenye hifadhidata ya makaburi. Ina maana hakuwa askari?

Marahaba. Hapana. Mle wamo waliokufa tu, kuanzia tarehe 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Aliyerudi akafia nyumbani mwaka 1960 hawezi kuwamo.

Bibi alikuwa akisema kaka yake alizama na meli akienda India. Nianzie wapi?

Anza na Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, na watu takriban 1,300 wakafa. Ila wengi wa Waafrika waliokuwemo walikuwa wa mizinga, Kikosi cha 301, si askari wa miguu, kwa hiyo ukichuja kwa KAR hutampata. Chuja kwa tarehe ya kifo na East African Artillery. Majina yako kwenye East Africa Memorial, ndani ya Nairobi War Cemetery.

Nyumbani wote wanasema alikuwa Keya, lakini cheti kimeandikwa Pioneer Corps. Nani mkweli?

Cheti. Nyumbani kila aliyevaa kaki aliitwa Keya, akiwemo dereva, mpishi na mjenzi wa barabara. Mapayonia wengi walipelekwa Misri na Libya, kwa hiyo anza na WO 169 na utafute namba ya kombania yake, maana wao walihesabiwa kwa kombania.

Samahani ndugu, wetu alikuwa askari wa Mdachi (Mjerumani), 1914. Njia ni hiihii?

Hapana, ni ngumu zaidi. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipolipa malimbikizo ya mishahara kwa askari wazee huko Mwanza, wengi hawakuwa na karatasi yoyote, wakapimwa kwa kupewa ufagio na kuamriwa gwaride kwa Kijerumani. Kilichopo ni mafaili ya utawala wa Kijerumani, mfululizo wa G, katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Upande wa Waingereza, shajara za vita hivyo ziko WO 95: soma siku ambazo kombania yake ilipambana nao, umwone babu kwa macho ya adui.