Kwenda North Sea Jazz, Rotterdam, Bila Gari: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mama mdogo wangu alipokuja kunitembelea Den Haag, Uholanzi, kutoka Dar es Salaam, sharti lake lilikuwa moja tu: nimpeleke kwenye tamasha la jazi la Rotterdam. Amekulia jirani na ukumbi wa muziki wa dansi, na tarumbeta ikilia hawezi kukaa kitako. Mimi sina gari, na hata ningekuwa nalo nisingelipeleka huko. Njia yenyewe haikutusumbua hata kidogo. Kilichotusumbua ni kadi za benki, ndiyo maana hatua ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote. Anayesoma kwa haraka na aisome hiyo peke yake.

Hatua ya 1: Chagua siku, kisha nunua tiketi

Tamasha hufanyika Ijumaa hadi Jumapili, kwa kawaida mwishoni mwa juma la pili la Julai, ndani ya kumbi za Ahoy zilizo kusini mwa jiji la Rotterdam. Lilianzishwa na Paul Acket mwaka 1976 hapa hapa Den Haag, likahamia Rotterdam mwaka 2006, na wapo wazee wa mtaani kwangu ambao mpaka leo hulizungumzia kama mtu anayemzungumzia mke aliyemwacha. Kuna tiketi ya siku moja na tiketi ya siku tatu. Kwa mgeni wa mara ya kwanza napendekeza siku moja, au mbili ikiwa miguu yake ni mizima, kwa sababu maonyesho huenda sambamba katika kumbi nyingi na mtu hushinda akitembea kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Kabla ya kulipa, soma vizuri uone kama msanii unayemfuata anacheza siku hiyo, na kama onyesho lake limo ndani ya tiketi ya kawaida.

Kumbi zimepewa majina ya mito: Maas, Nile, Amazon, Hudson, Congo na mingineyo. Jambo hili lina faida kwetu, kwa kuwa majina yanashikika upesi. Tulikubaliana kwamba tukipotezana tutakutana Congo, naye hakuhitaji kuandikiwa popote.

Usinunue tiketi kwa mtu usiyemjua aliyeitangaza kwenye kundi la WhatsApp. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya 2: Viza, kwa anayetoka Afrika Mashariki

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla yake. Ada kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Tiketi ya tamasha inasaidia kueleza sababu ya safari, lakini haichukui nafasi ya bima ya safari, uthibitisho wa malazi wala taarifa za benki. Omba mapema, kwa maana Julai ni msimu wa likizo huku.

Hatua ya 3: Malazi yafuate reli

Watu wengi hutafuta hoteli iliyo karibu na Ahoy, kisha hukata tamaa wakiona bei. Mimi natafuta kwa namna nyingine: nafungua ramani ya metro ya Rotterdam na kutazama mistari ya D na E, ambayo yote miwili hupita Zuidplein, kituo cha Ahoy. Chumba chochote kilicho jirani na kituo cha mistari hiyo kinafaa kuliko chumba cha bei hiyohiyo kilicho karibu zaidi kwenye ramani lakini kinachohitaji kubadilisha vyombo mara mbili. Ukiweza kupata chumba karibu na Rijnhaven au Wilhelminaplein, umepata bahati ya pekee, kwani metro ikikwisha usiku unaweza kurudi kwa miguu kwa muda usiofika saa moja.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba mstari wa E unaanzia Den Haag Centraal. Anayelala Den Haag hupanda metro moja tu na kushuka Zuidplein, bila kugusa treni kabisa. Ni safari ya karibu robo tatu ya saa, na ndiyo tuliyoitumia sisi.

Hatua ya 4: Mtu mmoja, kadi moja, mwanzo hadi mwisho

Tangu mwaka 2023, treni, metro, tramu na basi zote za Uholanzi hulipiwa kwa kugusisha kadi ya benki, Visa au Mastercard, mradi iwe na ile alama ya mawimbi inayoonyesha kwamba hulipa bila kuchomekwa. Mfumo huo unaitwa OVpay. Hujisajili popote wala hununui tiketi: unagusisha kadi unapoanza safari, unagusisha tena unapoimaliza, na nauli inahesabiwa kulingana na umbali. Ukisahau kugusisha mwishoni, mfumo haujui ulishukia wapi, kwa hiyo hukata kiwango maalumu ambacho ni euro 20 kwa treni na euro 4 kwa metro, tramu au basi.

Hayo nilimweleza mama mdogo akanielewa. Nisichomweleza, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kulifikiria, ni kwamba mfumo humtambua msafiri kwa kadi iliyogusa, haumtambui kwa jina lake. Alikuwa na kadi mbili katika pochi moja, ya shilingi na ya dola, naye akawa anaibandika pochi nzima kwenye kifaa kama nilivyokuwa nafanya mimi na ya kwangu, ambayo ina kadi moja tu. Pale Schiphol, uwanja wa ndege aliposhukia, kifaa kilisoma kadi ya dola. Tulipofika Den Haag Centraal kilisoma ya shilingi. Geti likafunguka kama kawaida, kwa sababu kadi ambayo haijaanza safari huhesabiwa kwamba ndiyo kwanza inaanza, nasi tukatoka tukiwa na furaha zetu. Kesho yake kwenye metro mchezo ukawa uleule. Jumamosi asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, ujumbe wa benki ukaingia, na mwingine ukafuata: euro 20 mara mbili na euro 4 mara mbili, jumla euro 48, ambapo sehemu ya treni peke yake ilikuwa na nauli isiyofika hata euro 15. Saa mbili nzima zilikwenda hapo mezani hadi tukaelewa kilichotokea.

Kwa hiyo zingatia yafuatayo, hata kama yanaonekana kuwa madogo.

Kadi itolewe kwenye pochi kabla ya kugusishwa. Mama mdogo sasa huiweka peke yake katika mfuko wa kanga alioushona mwenyewe, na pochi haitoki mkobani kabisa.

Simu iliyowekwa kadi ndani yake na kadi yenyewe ya plastiki ni vitu viwili tofauti machoni pa mfumo, hata kama fedha zinatoka akaunti moja. Ukianza na simu, maliza na simu. Mimi napendelea plastiki kwa sababu haiishiwi chaji saa saba za usiku, na ushauri huu siubadilishi.

Watu wawili hawawezi kutumia kadi moja. Kila msafiri anahitaji ya kwake, kwa hiyo familia inayosafiri na kadi ya baba peke yake inunue tiketi za kawaida kwenye mashine za kituoni, ambazo huongezwa ada kidogo lakini hazina mitego hii.

Soma kioo cha kifaa. Ukianza safari huandika “Goede reis”, maana yake safari njema. Ukiyaona maneno hayo wakati unatoka kituoni, simama, kwa maana mfumo unaamini ndiyo kwanza unaondoka, na huenda umegusisha kadi isiyo yenyewe. Mtafute mhudumu papo hapo wakati ushahidi bado ni wa moto.

Kampuni ya treni na kampuni ya metro ni mbili tofauti, kila moja na vifaa vyake. Ukibadilisha kutoka treni kwenda metro pale Rotterdam Centraal, unagusisha kutoka kwenye geti la treni, kisha unagusisha kuingia kwenye geti la metro. Vipo pia vituo visivyo na mageti, ambako nguzo za kugusishia kadi zimesimama peke yake kama zimesahauliwa. Schiphol ni mojawapo, na ndiyo maana wageni wengi hushuka jukwaani bila kugusisha chochote.

Mwisho, kabla ya kuondoka nyumbani, uliza benki yako kama kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi. Benki nyingi za kwetu huifunga mpaka mteja aombe, na geti la treni si mahali pazuri pa kuligundua hilo.

Ikiwa umeshakatwa, fedha hazijapotea. Kwenye programu ya OVpay unaweza kuiingiza kadi yako kwa kutumia namba inayoanza na NLOV, iliyo kwenye taarifa ya benki, ukaona safari zako na kurekebisha ile ambayo haikukamilika. Kumbuka kwamba kila kadi ina namba yake, kwa hiyo sisi tulilazimika kuifanya kazi hiyo mara mbili.

Hatua ya 5: Kufika Rotterdam

Kutoka Schiphol kuna treni za moja kwa moja hadi Rotterdam Centraal. Ile ya haraka, Intercity Direct, huchukua kama nusu saa na hudai nyongeza juu ya nauli. Ya kawaida, inayopitia Leiden, huchukua chini ya saa moja. Chukua ya kawaida. Nyongeza ni jambo la ziada la kukumbuka, na mtu aliyetoka kwenye ndege ya usiku hahitaji mambo ya ziada.

Wanaotoka Ubelgiji, na najua Wakongo wa Brussels na Antwerp huja kwa wingi, wana Eurostar inayofika Rotterdam kwa zaidi kidogo ya saa moja kutoka Brussels. Tiketi ya treni hiyo ina msimbo wa mraba ambao ndio unaofungua geti la Rotterdam. Usigusishe kadi ya benki hapo, kwani utakuwa umeanzisha safari ambayo hukuikusudia.

Hatua ya 6: Metro hadi Ahoy

Toka Rotterdam Centraal kwa lango kuu linaloelekea katikati ya jiji. Mlango wa metro uko hapo nje uwanjani. Panda D inayokwenda De Akkers au E inayokwenda Slinge, yoyote itakayotangulia, na ushuke kituo cha saba, Zuidplein. Usishuke Beurs hata ukiona abiria wengi wanateremka. Wale wanabadilisha kwenda mistari ya A, B na C. Baada ya Leuvehaven metro inapita chini ya mto Maas, na ukishapita Wilhelminaplein inaibuka na kupanda juu ya nguzo, jua likaingia ghafla behewani. Kipande hiki, kutoka Centraal hadi Zuidplein, ndicho kilichokuwa metro ya kwanza ya Uholanzi, kilipofunguliwa mwaka 1968. Kutoka Zuidplein hadi Ahoy ni mwendo wa dakika chache, na siku ya tamasha huhitaji kuuliza njia, fuata tu umati.

Ukiwa na siku za ziada kabla ya tamasha, kuna North Sea Round Town, maonyesho madogo yanayosambaa katika mikahawa, viwanja na kumbi za jiji, mengi yakiwa ya bure.

Hatua ya 7: Kurudi usiku

Mpango wa kurudi ufanywe mchana. Fungua 9292, programu inayojumlisha ratiba za treni, metro, tramu na mabasi yote ya nchi nzima. Mimi naiamini kuliko ramani ya simu. Andika Zuidplein kama mahali pa kuanzia, na ikiwa utaondoka baada ya saa sita usiku chagua tarehe ya kesho yake. Nimeona watu wakiwa na ratiba ya usiku wa jana mkononi, wakishangaa kwa nini metro haiji. Angalia pia kama kuna matengenezo ya reli, maana hufanywa sana miezi ya kiangazi.

Metro ikiwa imekwisha na hukupata chumba karibu, fika Rotterdam Centraal kwa basi la usiku au kwa teksi. Hapo kuna treni za usiku zinazoondoka mara moja kila saa kupitia Delft, Den Haag na Leiden hadi Schiphol, Amsterdam na Utrecht. Kwa wanaorudi Den Haag, treni hiyo husimama kituo cha HS (Hollands Spoor), haifiki Den Haag Centraal, kwa hiyo ongeza kama dakika 20 za kutembea. Sisi tulizitembea, mama mdogo amevua viatu amevishika mkononi, kadi iko kwenye mfuko wake wa kanga, akinisimulia mpiga saksafoni wa ukumbi wa Congo kana kwamba mimi sikuwepo.